Friji Haizimwi

Maoni ya kwanza yaliingia asubuhi, fundi wa miwani akiwa kazini, amekaa mbele ya mashine ya kukatia vioo. Aliyasoma kama alivyokuwa akisoma vipimo vya wateja: jicho la kulia hivi, la kushoto hivi, basi.

"Nimesikiliza albamu nzima nikiosha vyombo," mmoja aliandika. "Vyombo vimeisha, nikatafuta vingine."

Wa pili akasema, "Huyu dada anaimba kama mtu anayeulizia njia. Sijui anakokwenda, lakini nimemfuata."

Wa tatu: "Mpiga kinanda amelala? Mwamsheni. Au mwacheni tu, sijaamua."

Mpiga kinanda alikuwa yeye mwenyewe. Hakuwa amelala. Aliilaza simu kifudifudi mezani, akachukua kioo kilichofuata, akakipangusa kwa kitambaa, akakibana kwenye mashine. Mashine ikaanza kulia na maji yakaanza kudondoka, na kioo kikawa kinazunguka taratibu mpaka kikapata umbo la fremu. Alikitoa, akakijaribisha. Kikaingia bila kulazimishwa. Siku nyingine jambo hilo lingemfurahisha kidogo. Siku hiyo alikiweka kwenye boksi, akachukua kingine.

Bendi yao ilikuwa ya watu watatu wa ukoo mmoja. Yeye alipiga vinanda vya umeme. Mdogo wake wa kiume alishughulika na ngoma za mashine na kompyuta. Walimwita Betri tangu utoto, kwa vile redio yao ya nyumbani haikukaa na betri zake hata wiki bila yeye kuzichomoa akazichezea. Mwimbaji alikuwa binti wa shangazi yao. Huyo walimwita Chiriku, na aliyekaa naye kwa muda wa chai moja hakuhitaji kuelezwa sababu. Bendi waliiita Taa ya Ndani. Albamu, ya kwanza maishani mwao, waliiita Fungeni Mlango. Muziki wenyewe ulikuwa wa vinanda na mashine, wa baridi kidogo, wa kuchezwa na mtu anayependa kucheza peke yake sebuleni pazia likiwa limefungwa.

Mama yao alifariki wiki chache kabla albamu haijatoka. Moyo ulichoka, ndivyo daktari alivyosema. Watu walikuja, wakakaa, wakaosha sufuria, wakaondoka. Tangu hapo fundi wa miwani aliishi kama mtu aliyeukalia mguu wake muda mrefu ukafa ganzi. Ukisimama, mguu upo, unaona kabisa kwamba ni wako, unaukanyagia, lakini sakafu huisikii. Aliamka, alioga, alikwenda kazini, alirudi. Hakulia. Alikuwa akingoja kulia kama mtu anavyongoja chafya, mpaka akaacha kungoja.

"Dada, ipi sasa?" mteja aliyekuwa kwenye kiti cha kupimia alimwuliza siku hiyo mchana. Alikuwa mshonaji mstaafu, mama wa makamo anayependa kubishana.

"Mimi ndiye ninayekuuliza, mama. Hii," akageuza kioo kidogo mbele ya jicho lake, "au hii?"

"Rudia."

"Hii. Au hii."

"Zote naona."

"Usiwe na haraka. Ipo moja utakayoona umetulia nayo."

Alisema maneno hayo kila siku, kwa kila mtu, na huyo mama kweli akatulia, akachagua. Wote huchagua mwishowe. Fundi aliandika namba, akamshukuru, akamfungulia mlango.

* * *

Alhamisi jioni walikutana nyumbani, kwenye kile chumba cha mbele walikorekodia albamu nzima. Kilikuwa na makochi mawili, kinanda juu ya meza ya kupigia pasi, kompyuta ya Betri, na friji nyeupe kwenye kona, imechomolewa, mlango umeachwa wazi kidogo kwa kitambaa kilichokunjwa ili isinuke. Mama Mdogo, yaani mdogo wake marehemu, alikuwa ameiomba kwa ajili ya duka lake la vinywaji, na wao wakakubali. Angeifuata Jumamosi.

Chiriku aliingia akiwa tayari anaongea.

"Nimeitwa kwenye majaribio ya ile bendi kubwa, mnajua? Ile yenye watu wa tarumbeta. Nimefika, nimevaa vizuri, nimenukia. Kiongozi wao ananitazama, ananiambia, 'Ahaa, wewe ndiye yule anayepanda?'"

"Anayepanda wapi?" Betri aliuliza.

"Jifanye hujui. Anayepanda sauti! Anayeimba juu ya mahali panapotakiwa! Sikiliza huyu," akatoa simu. "Mwalimu wa kwaya. 'Nimelinganisha na kinanda changu. Mwimbaji amepanda katika kila wimbo, na cha ajabu ni kiasi kilekile kila wimbo. Ana kipaji, lakini asaidiwe.' Asaidiwe! Na huyu mwenye gitaa: 'Nimejaribu kupiga nao, nikadhani gitaa langu ndilo bovu. Nimekaza nyuzi mpaka mmoja umekatika karibu na jicho. Mwambieni dada yenu ashuke.' Dada yenu ni mimi, Betri. Hakuna aliyeandika kinanda kishuke. Watu wakisikia kitu kimepinda hulaumu koo, hawalaumu mashine."

"Hawajakosea," fundi wa miwani alisema.

"Nani hawajakosea?"

"Mwalimu wa kwaya. Na mwenye gitaa. Wamesikia kilichopo."

Ni kweli walisikia kilichopo, na yeye ndiye aliyekiweka. Habari yenyewe ilianzia kwenye friji. Mama yao alikuwa na kisukari, na dawa yake ya kuchoma ilikaa kwenye kitrei cha mlangoni, karibu na mayai. Mwanzoni, walipoanza kurekodi, Betri aliichomoa friji ili isiingize kelele kwenye maikrofoni, wakarekodi wimbo mmoja mzuri sana, wakafurahi, wakatoka kutembea. Waliporudi jioni maji yalikuwa yamefika mlangoni. Dawa yote ya mwezi ikawa ya kutupa. Mama yao hakugomba. Alikaa kwenye kochi akisubiri Betri arudi mbio kutoka zahanati, na aliporudi alimwambia neno moja tu, kwa upole: "Friji haizimwi."

Basi haikuzimwa tena. Lakini friji ile ilikuwa na tabia yake. Ilinyamaza kwa muda, ukasahau kama ipo, kisha ikajitikisa na kuanza kuguna mguno mmoja mrefu usiobadilika, mara nyingi katikati ya wimbo. Kungoja inyamaze hakukusaidia, maana ukimya wake ulikuwa mfupi kuliko nyimbo zao. Nyumba ilikuwa ya vyumba viwili, na chumba cha pili alilala mgonjwa. Walirekodi na kufuta, wakarekodi na kufuta.

Ndipo fundi wa miwani, ambaye hakufundishwa muziki na mtu, aliyejifunza kwa kubonyeza na kusikiliza, akavuta stuli akakaa mbele ya friji na kinanda mapajani. Alitafuta mguno ule uko kwenye kitufe gani. Haukuwa kwenye kitufe chochote. Ulikaa katikati ya viwili, karibu zaidi na kile cha chini. Kinanda chake kilikuwa na mahali pa kupandisha sauti zote kwa pamoja, kidogo kidogo. Akapandisha. Akasikiliza. Akapandisha tena, kama anavyogeuza vioo mbele ya jicho la mtu, mpaka kinanda na friji vikakaa mahali pamoja na mguno ukapotelea ndani ya muziki. Baada ya hapo friji ikiingia katikati ya wimbo, iliingia kama mtu wa nne wa bendi. Walitunga nyimbo zote juu ya sauti hiyo. Hawakuona kama wamefanya kosa. Waliona wamepata ufumbuzi, na Chiriku, ambaye aliimba pale alipowekewa, hakuimba nje hata mara moja.

Kutoka chumba cha pili mama yao alikuwa akisikia taa ya friji ikiwaka; hawakujua aliisikiaje, lakini alijua. "Fungeni mlango!" alikuwa akiita. "Dawa inapata joto!" Sasa kulikuwa na watu wasiowajua wanaoandika kwamba jina la albamu linahusu mapenzi yaliyovunjika, na mmoja aliyeandika kurasa kuonyesha kwamba linahusu serikali.

"Msambazaji amepiga," Betri alisema. Msambazaji ndiye aliyekuwa akiipeleka albamu mitandaoni na redioni. Hawakuwahi kuonana naye, walijua sauti yake tu, ya mtu anayeongea huku anatafuna. "Anasema kumbi za dansi zinaikataa. Wanaopanga muziki hawawezi kuiunganisha na nyimbo za watu wengine, inagongana. Tuishushe. Kazi ya mchana mmoja. Anataka jibu Jumamosi, na akishaibadilisha, ya zamani inaondolewa."

"Ishushwe hata leo," Chiriku alisema.

"Nimeshaitengeneza. Nimeshusha vyote mpaka mahali pa kawaida. Na friji nimeifuta, mana'ke ukishusha nyimbo na yenyewe inashuka, inakuwa kama ng'ombe." Alimtazama dada yake. "Sikilizeni. Ya zamani ni hii."

Akacheza wimbo wa nne, kipande.

"Na mpya ni hii."

Akacheza tena. Ulikuwa wimbo uleule, safi, umepanguswa. Mahali friji ilipokuwa ikiingia hapakuwa na kitu, na Betri alikuwa ameongeza mwangwi kidogo ili pasionekane.

"Dada, ipi?"

"Sawa tu."

"Sawa ipi?"

"Yoyote. Mnavyoona nyinyi."

"Kinanda ni chako. Ulikaa na ile friji siku nzima kama unaipima macho. Huwezi kuniambia yoyote."

"Mpya ni safi," alisema. "Ya zamani ni ya zamani. Sijui, Betri. Nasikia zote."

Betri alivua hedifoni akazitupa kwenye kochi. "Siku hizi ukiulizwa chai au sumu utasema sawa tu."

"Betri!" Chiriku akamkanya. Kisha akasema kwa sauti ya chini, "Lakini kweli, dada. Mama angekuwepo mimi nisingesema kitu. Ningeambiwa napanda, ningecheka. Ila sasa hayupo, na mimi bado nina koo la kuimbia. Nalo ndilo wanaloligusa."

Fundi wa miwani alitikisa kichwa kukubali. Alielewa kila neno. Aliona kwamba binamu yake ana haki, na kwamba mdogo wake amekasirika kwa sababu hakutaka kufuta alichofuta, na kwamba wote wawili wanamngoja. Aliyaona hayo yote kama mtu anavyoona barabara kupitia kioo cha dirisha. Akainuka, akaenda kukunja upya kitambaa kilichozuia mlango wa friji, ingawa kilikuwa kimekunjwa vizuri.

* * *

Ijumaa alisoma maoni wakati wa chakula cha mchana, yote, kuanzia juu. Hakutafuta kitu. Alisoma tu, kama mtu anayekula kwa sababu saa imefika.

Mmoja alisema albamu inafaa kusikilizwa na watu walioachwa na usafiri. Mmoja alisema ngoma zake ni kama mtu anapanga mabati. Mwingine alisema mtoto wake mchanga hulala ikifika wimbo wa nne, na akiuzima mtoto anaamka, na je, bendi inaweza kutengeneza wimbo huohuo wa masaa manane? Mwingine alimjibu huyo kwamba mtoto wake amelala kwa uchovu wa kuchoshwa. Wakatukanana kidogo, kwa adabu.

Kisha kulikuwa na mtu asiyeweka jina wala picha. Aliandika: "Sijui kama albamu hii ni nzuri. Ila kila nikiisikiliza nahisi nimesahau kitu jikoni, nainuka, naenda jikoni, nakuta kila kitu kipo, narudi. Nimefanya hivyo mara nyingi. Sijachukia."

Fundi alimaliza chakula chake. Aliosha chombo. Alirudi kwenye simu, akasoma maneno hayo tena, kisha akarudi kazini. Mchana huo alikata kioo kimoja vibaya, kitu ambacho hakikumtokea kwa muda mrefu. Alikitazama, akakitupa, akaanza kingine.

* * *

Jumamosi Mama Mdogo alifika asubuhi na mapema, na nyuma yake mwenye mkokoteni, mwanamume mrefu aliyeinama ili kuingia mlangoni.

"Shikamoo, Mama Mdogo."

"Marahaba, wanangu. Mbona mmekondeana hivyo? Wewe," alimshika fundi kidevu, "unakula?"

"Nakula."

"Unakula nini, vioo?" Akamwachia. "Chiriku naye yupo? Leo kuna mvua ya maneno."

Chiriku alikuwa amekaa kizingitini na kikombe cha chai. Betri alikuwa kwenye kompyuta, nyimbo zikicheza kwenye spika. Msambazaji alikuwa ameshapiga mara moja, na Betri alikuwa akisikiliza wimbo wa nne, ule wa zamani, pengine kwa mara ya mwisho. Hakuna aliyemwambia auzime.

"Ndio muziki wenu huu?" Mama Mdogo aliuliza.

"Ndio wenyewe. Hujausikia bado?"

"Mimi muziki wa mashine siuwezi. Ila endeleeni, sijasema kitu. Chomekeni friji nione kama inafanya kazi kabla huyu bwana hajavunjika mgongo bure."

Fundi wa miwani alitoa kitambaa, akafunga mlango wa friji, akachomeka waya ukutani. Wakasimama, wakasubiri. Wimbo ukaendelea. Chiriku aliyerekodiwa alikuwa akiimba. Chiriku wa kizingitini alikuwa akipuliza chai.

Mama Mdogo aliinamisha kichwa. "Haijawaka."

"Subiri kidogo, Mama Mdogo."

"Nasubiri nini? Nina friji mbili dukani, najua friji ikiwaka inavyolia. Hii imekufa." Aligonga ubavu wake kwa kiganja. "Mmeniitia mkokoteni bure, jamani."

Fundi wa miwani alisogea. Aliweka mkono wake juu ya friji, ubavuni, mahali pa baridi. Ilikuwa ikitetemeka. Mtetemo ulipita kwenye kiganja, ukapanda mpaka kwenye kiwiko. Ilikuwa imewaka muda mrefu. Aliisikia kwa mkono, lakini kwa sikio hakuisikia, kwa sababu ilikuwa ndani ya wimbo, mahali pake pale, haizidi wala haipungui.

"Betri," alisema. "Simamisha."

Betri akasimamisha wimbo. Vinanda vikakatika, ngoma zikakatika, na mguno ukabaki peke yake chumbani, mrefu, usiobadilika.

"Haa!" Mwenye mkokoteni akacheka. "Kumbe ilikuwepo!"

Mama Mdogo aliitazama friji, akaitazama spika, akaitazama friji tena. "Ilikuwa wapi?"

Chiriku alikuwa ameweka kikombe chini.

"Mwekee ile mpya," fundi alimwambia Betri.

"Sasa hivi?"

"Friji ikiwa inalia hivi hivi. Weka."

Betri akaweka wimbo wa nne ulioshushwa. Kinanda kilipoingia, chumba kikaanza kuyumba. Sauti ya friji na sauti ya wimbo zilikuwa karibu mno kuwa mbali na mbali mno kuwa pamoja, na kati yake kukazuka kitu cha tatu, wa-wa-wa-wa, kama feni iliyolegea bawa. Glasi iliyokuwa juu ya friji ikaanza kugonga ukuta.

"Zima hiyo!" Mama Mdogo alishika shavu. "Inanitikisa meno!"

"Mimi naona hii ya pili ndiyo safi," mwenye mkokoteni alisema.

"Wewe umeulizwa?"

"Sijaulizwa, mama. Lakini masikio ninayo."

"Yuko sawa," fundi wa miwani alisema. "Ni safi." Mkono wake bado ulikuwa ubavuni mwa friji. Alisikia mtetemo, na juu ya mtetemo ule ugomvi wa sauti mbili ukija na kwenda, na kwa muda mfupi, mfupi sana, alihisi kitu kama sakafu chini ya mguu. Hakikuwa kilio. Kilikuwa kama zile sindano ndogondogo zinazochoma mguu unapoanza kurudi.

"Ya kwanza," alisema.

Betri aligeuka. "Umesemaje?"

"Ya zamani ibaki. Isiguswe."

"Dada, una uhakika? Kumbi zote—"

"Zikatae. Hiyo nyingine ni safi, lakini haina mtu nyumbani."

Betri alizima. Friji ikaendelea kuguna. Chiriku aliinuka kizingitini, akajipangusa sketi, akasimama mbele ya binamu yake.

"Na mimi?" aliuliza. Hakuuliza kwa hasira. "Mimi ndiye anayepanda. Nitaendelea kupanda mpaka lini?"

"Leo tu," fundi alisema. "Nipe simu."

Aliandika amesimama, kwa kidole kimoja, taratibu, akisoma kila mstari kabla ya kwenda mwingine. Wote walimngoja, hata mwenye mkokoteni. Kisha akampa Chiriku asome kabla ya kutuma.

"Kwa wanaouliza kuhusu sauti," Chiriku alisoma kwa sauti, "mwimbaji wetu hajapanda. Tulirekodi kwenye chumba chenye friji yenye dawa ya mgonjwa, na haikuweza kuzimwa. Nikalinganisha vinanda vyote na friji. Yeye aliimba pale nilipomwekea, na hakukosea hata wimbo mmoja. Mwalimu wa kwaya amesikia vizuri. Kinanda chake tu ndicho hakikuwahi kukutana na friji yetu. Albamu itabaki hivi. Anayetaka kupiga gitaa pamoja nasi akaze nyuzi kidogo, lakini auweke uso mbali. Mpiga kinanda."

Chiriku alirudi mwanzo. Alisoma tena kimyakimya, midomo ikicheza.

"Umesahau kitu," alisema.

"Kitu gani?"

"Hujaandika kama naimba vizuri."

Fundi akachukua simu, akaongeza mwishoni: "Naye anaimba vizuri." Akatuma.

Msambazaji alipopiga, Betri alimpa dada yake aongee. Alisikiliza yote, mtu akitafuna upande wa pili, akielezwa kuhusu kumbi na vipindi na nafasi ambazo hazitarudi. "Kwenye dansi sitawapeleka basi," msambazaji alisema.

"Sawa," fundi alijibu. Betri, aliyekuwa amesikia sawa nyingi wiki zile, aliinua macho. Hii ilikuwa na mtu ndani.

Mama Mdogo alichomoa friji mwenyewe. Ikajitikisa, ikanyamaza. "Mkitaka kuisikia mje dukani," alisema akiwa amewapa mgongo, akikunja waya kwa uangalifu mkubwa kuliko ulivyohitajika. "Nitaiweka karibu na kiti. Na mlango wake mimi nafunga, msiwe na wasiwasi." Mwenye mkokoteni na Betri wakaibeba, wakaipitisha mlangoni ubavu, wakaifunga kamba. Ilipokuwa ikienda barabarani ilionekana ndogo kuliko ilivyokuwa ndani.

Chiriku aliondoka nayo, akiushika mkokoteni upande mmoja na kumweleza yule bwana kwa nini ya kwanza ndiyo bora. Alikuwa hajafika hata kona na tayari alikuwa akiimba ili kuthibitisha.

Kwenye kona ya chumba kulibaki mraba wa sakafu safi kuliko sakafu nyingine, wenye alama nne za miguu, vumbi la miaka, na kifuniko kidogo cha mpira cha chupa ya dawa. Fundi wa miwani alikiokota. Hakujua akiweke wapi, akakitia mfukoni. Akaleta ndoo na tambara, akapiga magoti, akaanza kupiga deki.

Simu mezani ilikuwa ikitikisika. Betri alisoma bila kuombwa. "Mmoja anauliza friji ni ya aina gani. Mmoja anasema friji ndiyo mwanamuziki bora humo ndani, wengine mjitahidi. Mwenye gitaa anasema amesamehe, ila anataka kujua mgonjwa anaendeleaje."

Dada yake alikamua tambara. "Mjibu."

"Nimwambie nini?"

"Mwambie ukweli. Na umshukuru kwa kuuliza."

Betri akaandika. Kisha akaiweka simu chini, akakaa kwenye stuli mbele ya kinanda, asijue la kufanya na mikono yake. Chumba kilikuwa kimya kwa namna ambayo hakikuwahi kuwa. Hata walipokuwa wakirekodi hakikuwahi kunyamaza hivyo. Fundi aliendelea kusugua mraba, kutoka alama moja kwenda nyingine, na baada ya muda, bila kujua kama ameanza, akawa anaguna, mdomo umefungwa, mguno mmoja mrefu usiopanda wala kushuka.

Betri alisikiliza. Kinanda kilikuwa bado kimepandishwa vilevile, hakuna aliyekirudisha. Alinyosha kidole akabonyeza kitufe kimoja, kwa upole, akakishikilia. Vikakaa mahali pamoja.